Namba imekwama 94: kutafuta kosa la joto kwenye mtambo wa stima wa kutengenezea bia nyumbani

Wanaoanza kutengeneza bia nyumbani hapa Nairobi huniuliza wanunue kidhibiti gani cha joto. Wengi wanauliza wakiwa tayari wanacho kimoja, kimewasumbua wiki mbili tatu, na sasa wanatafuta cha bei ya juu zaidi. Mimi huwaomba kwanza waniambie dalili. Mara nyingi kidhibiti hakina kosa lolote: kinafuata kile sensa inachokiambia, na sensa imewekwa mahali pabaya. Au kazi waliyokipa si kazi ya kidhibiti cha joto hata kidogo.

Mtambo ninaouzungumzia ni wa kawaida. Sufuria ya lita 40 au 50 isiyoshika kutu, iliyotobolewa ubavuni na fundi wa Kamukunji, koili ya kupasha ya wati 3000, pampu ndogo, sensa, na kisanduku cha kidhibiti. Kimea kinalowekwa humo humo ndani ya mfuko, mfuko unatolewa, kisha maji yake matamu yanachemshwa na hopsi, maua makavu yanayoipa bia uchungu.

Umeweka 100 lakini namba haivuki 94

Maji yanatokota, mvuke umejaa jikoni, taa ya kupasha haizimi, na kioo kinaonyesha 94. Usiitupe sensa. Nairobi iko takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Mombasa yangefika 100. Hapa hayafiki hata ukiyachemsha hadi kesho. Stima yote unayoongeza inageuka mvuke.

Kosa linalofuata ndilo linaloharibu bia. Mtu anatumbukiza sensa kwenye maji yanayochemka ili airekebishe, anaona 94, anaingia kwenye mipangilio na kuongeza 6 ili isome 100. Tangu siku hiyo kila namba anayoiona imezidi kwa nyuzi sita. Akiloweka kimea kwa 66, maji yako 60, wanga mwingi haugeuki sukari, na analaumu kimea. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba sasa ndilo swali langu la kwanza: ulirekebisha sensa kwa kutumia nini?

Rekebisha kwa barafu. Ponda barafu hadi ijae kikombe, ongeza maji kidogo ya kujaza mianya, koroga, zamisha sensa katikati bila kugusa kikombe, ngoja dakika tatu. Hapo ni 0, Nairobi na Mombasa vilevile. Kisha tumia maji yanayochemka kama ushahidi wa pili, ukitarajia 94 na si 100. Zote mbili zikikubaliana ndani ya nusu nyuzi, sensa yako ni nzuri na usiiguse tena.

Kuhusu kuchemsha kwenyewe: maji yakishachemka, joto lake halipandi wala halishuki, kwa hiyo kidhibiti hakina cha kufuata. Unachohitaji wakati huo ni kupunguza na kuongeza nguvu. Vidhibiti vingi vya PID, vile vinavyopunguza nguvu vikikaribia lengo, vina hali ya mkono, ambapo unaweka asilimia ya nguvu. Kwa lita 30 na koili ya wati 3000, anza na 65 na uangalie uso wa maji: unataka yapinduke na kutokota, yasiruke. Wati 2000 zikifanya kazi ya kuvukiza peke yake hutoa kama lita 3 kwa saa. Kama kidhibiti chako hakina hali ya mkono na kinajua kuwasha na kuzima tu, kiweke 99 ili koili ibaki imewaka muda wote, kisha usimame hapo na sufuria. Ongeza pia dakika kumi hivi kwenye hopsi za uchungu, maana kwa nyuzi 94 uchungu hutoka polepole kuliko kwa 100.

Joto linapita, linashuka, linapita tena

Umeweka 66. Linapanda hadi 70, linashuka hadi 63, na mchezo unaendelea saa nzima. Hapa hesabu inasaidia. Koili ya wati 3000 ndani ya lita 25 hupandisha joto kwa karibu nyuzi 1.7 kila dakika. Sensa ikichelewa dakika moja kuhisi kinachoendelea, tayari umepitiliza kwa nyuzi hizo kabla kidhibiti hakijajua. Ikichelewa mbili, umefika 69 na ushee. Na vimeng'enya vinavyotoa sukari ndogo, ile inayochachuka vizuri, huanza kufa haraka ukikaribia 70. Haviwi hai tena ukishapoza.

Kwa nini sensa inachelewa? Mara nyingi kwa sababu maji hayatembei. Koili iko chini, sensa iko juu au imezama katikati ya kimea, na kati yao kuna uji mzito. Chini kuna 75, katikati 64. Zima kila kitu, chukua kipimajoto cha mkono, pima sehemu tatu: karibu na koili, katikati ya mfuko, juu. Tofauti ikizidi nyuzi mbili, hakuna kidhibiti duniani kitakachokutoa hapo. Washa pampu, maji yatoke chini yarudi juu, na hamisha sensa iwe kwenye njia ya maji yanayotoka kwenye sufuria, mbele kidogo ya pampu. Usiiweke sentimita mbili kutoka kwenye koili, maana hapo itasoma koili badala ya kimea na kuzima mapema.

Hakikisha pia mfuko haulali juu ya koili. Weka chujio la chuma au miguu ya kuuinua. Kimea kinachogusa koili kinaungua, na harufu ya kuungua haitoki kwenye bia kwa njia yoyote.

Maji yakitembea vizuri na bado linapitiliza, sasa ndipo tunazungumzia aina ya kidhibiti. Themostati ya kuwasha na kuzima, kama STC-1000, inatoa nguvu zote au haitoi kitu. Kwa kuloweka kimea kwa wati 3000 hiyo ni nguvu nyingi mno. Kidhibiti cha PID hupunguza nguvu kikikaribia lengo: kinawasha sekunde moja, kinazima moja, kulingana na umbali uliobaki. Lakini PID iliyotoka dukani haijui sufuria yako. Ina kitufe cha kujifunza, mara nyingi kimeandikwa AT. Watu hukibonyeza wakiwa na lita tano za maji ya majaribio, pampu imezimwa. Kinajifunza sufuria isiyo yako. Jaza maji kiasi kile kile utakachotumia siku ya kazi, washa pampu, weka lengo kuwa 66, ndipo ubonyeze AT na ukiache. Kitapitisha joto makusudi na kulisubiri lishuke, mara kadhaa. Katika sufuria iliyofungwa blanketi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Ikate njiani na umeharibu zoezi.

Namba zinaruka, au zinasema jambo lisilowezekana

Joto linashuka kadiri unavyopasha: ni themokapo, sensa ya nyaya mbili za metali tofauti, na umezigeuza. Zibadilishane, imekwisha.

Pt100, sensa inayopima joto kwa upinzani wa umeme, inasoma juu kwa nyuzi nne tano bila sababu: hesabu nyaya. Sensa ya Pt100 huwa na nyaya tatu, mbili za rangi moja na moja ya rangi nyingine. Ile ya tatu ipo ili kidhibiti kipime upinzani wa waya wenyewe na kuuondoa kwenye hesabu. Pt100 huongezeka omu 0.385 tu kwa kila nyuzi, kwa hiyo omu mbili za waya mwembamba au skrubu yenye kutu ni nyuzi tano za uongo. Ukiwa na multimita, itoe kwenye kidhibiti: kati ya nyaya za rangi moja upate karibu sifuri, na kati ya rangi tofauti upate takriban omu 108.6 chumba kikiwa nyuzi 22. Ukipata omu chini ya 100 mahali pasipo na barafu, maji yameingia ndani ya sensa.

Themokapo usiiongezee waya wa kawaida wa shaba. Ina waya wake maalum. Na waya wa sensa usipite pamoja na waya wa koili ndani ya bomba moja. Wanaojijengea kidhibiti kwa Arduino, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, na sensa ya DS18B20 wajue namba mbili: 85 inayoonekana mara tu unapowasha, kabla ya kipimo cha kwanza, na −127 programu inapokosa sensa. Zote mbili hazihusiani na bia. Programu yako izikatae, la sivyo −127 itafanya koili iwake bila kikomo.

Taa inasema inapasha, maji ni baridi

Kabla ya kufungua kisanduku, angalia fyuzi ya plagi. Koili ya wati 3000 kwa volti 240 huvuta ampea 12.5, na plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni 13. Inaweza, lakini kwa shida, na saa mbili mfululizo humaliza plagi ya bei rahisi. Shika plagi kila dakika ishirini. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, au plastiki imegeuka kahawia karibu na mguu mmoja, usiitumie tena. Waya wa kuongezea usitumie kabisa, hasa ukiwa umeviringishwa. Ninachoshauri ni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, akuvutie laini yake yenyewe ya waya wa milimita 2.5, kutoka kwenye sanduku la swichi kuu, na swichi ya ukutani ya ampea 20.

Fyuzi ikiwa nzima, tazama rilei, yaani swichi ambayo kidhibiti huiwasha na kuizima. PID nyingi za bei nafuu, REX-C100 ikiwemo, huuzwa kwa aina mbili zinazofanana kwa sura: moja ina rilei ndani, nyingine inatoa volti ndogo ya kuamsha rilei ya elektroniki, ile inayoandikwa SSR. Ukiunganisha SSR kwenye aina ya kwanza, taa ya kidhibiti itawaka na SSR haitasikia chochote. Pima kwa volti za DC kwenye skrubu za kutolea wakati taa imewaka. Ukipata volti kadhaa, aina ni sahihi. Angalia basi kama chanya iko kwenye skrubu namba 3 ya SSR na hasi kwenye namba 4. Ukipata sifuri, una aina yenye rilei, na SSR haiwezi kuamka hapo.

Kama yanapata moto lakini polepole mno, pima volti za ukutani wakati koili imewaka. Mitaa mingi stima hudhoofika jioni watu wakirudi nyumbani. Volti 240 zikishuka hadi 200, koili ya wati 3000 inatoa kama 2080 tu, kwa sababu nguvu hushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Mimi huanza saa nne asubuhi, na lita 30 hutoka nyuzi 20 hadi 67 kwa dakika 35 hadi 40.

Koili haizimi

Hii ndiyo dalili inayonitia hofu.

Siku moja ya mvua nilikuwa kibarazani nyuma ya nyumba, kimea kimelowekwa, kidhibiti kinasoma 66, nikaingia ndani kuosha ndoo ya kuchachushia. Niliporudi kilisoma 74. Taa ya kupasha ilikuwa imezimwa. Nikainama, nikasikia koili ikinguruma, ule mlio mdogo wa maji yanayoguswa na chuma cha moto. Nikagusa pezi za alumini zilizoshikilia SSR: zilikuwa moto kiasi kwamba ngozi ya kidole ilibaki nyekundu jioni nzima. Nilichomoa plagi. Namba iliendelea kupanda hadi 79 kabla ya kutulia. Vimeng'enya vyote vilikuwa vimekufa, na kilo sita za kimea zikaenda kwa kuku wa jirani.

Niliponunua ile SSR nilimuuliza muuzaji ni ya ampea ngapi. "Arobaini, bosi wangu, si imeandikwa hapo," akanionyesha lebo. Lebo ni karatasi. Soko limejaa nakala ambazo ndani yake kuna chipu ya uwezo mdogo kuliko maandishi. Na hata iliyo halali, SSR ikifa mara nyingi hufa ikiwa imefunga: stima inapita muda wote, kidhibiti kiseme kitakavyo.

Jinsi ya kuipima: zima na uchomoe kila kitu, toa nyaya, weka multimita kwenye omu, pima skrubu 1 na 2. Nzima itaonyesha upinzani mkubwa sana. Iliyokufa itaonyesha karibu sifuri. Usiipime kwa volti bila mzigo. SSR nzima huvujisha stima kidogo sana, na multimita itaonyesha karibu volti zote za ukutani hata ikiwa imezima. Nimeona watu wakitupa SSR nzuri kwa sababu hiyo. Ukitaka kuipima ikiwa na stima, weka balbu ya zamani ya wati 60 kama mzigo: izimike kabisa.

SSR hutoa joto la zaidi ya wati moja kwa kila ampea inayopita. Kwa ampea 12.5 ni kama wati 15 ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ifunge kwenye pezi za alumini zilizo nje ya kisanduku, na mafuta meupe ya kupitisha joto kati yao, tabaka jembamba. Chagua ya ampea 40 kwa kazi ya 12.5.

Kwa wenye STC-1000, ugonjwa ni huo huo kwa njia nyingine. Rilei yake ni ya ampea 10. Ukiipitishia 12.5 moja kwa moja, siku itafika vichwa vyake vitaungana kwa moto na havitaachana. Iache iamshe kontakta ya ampea 25, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, na kontakta ndiyo ibebe koili.

Mtambo wangu wa sasa una kontakta kabla ya SSR, yenye kitufe chekundu cha kuzimia. Hiyo ndiyo sehemu ninayoweza kuiapia.

Swichi ya kinga inakata, au sufuria inakuuma

Ukigusa sufuria ukahisi mtetemo mdogo kidoleni, acha kazi. Usiseme ni kidogo. Maana yake stima inavuja kwenye chuma na waya wa ardhi haupo au umekatika, na wewe umesimama kwenye sakafu yenye maji. Chomoa, kisha pima kutoka mguu mrefu wa plagi hadi kwenye chuma cha sufuria: iwe chini ya omu moja. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za miguu mitatu ambazo ule wa juu haujaunganishwa na chochote. Fundi aipime kabla hujapika tena.

Na kama huna swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata stima inapovuja, usianze kabisa. Ni ya lazima kuliko kidhibiti.

Ikiwa swichi inakata kila ukiwasha koili iliyokaa miezi bila kutumika, huenda unga ulio ndani ya koili umenyonya unyevu. Fundi mwenye megga, kipimo cha uvujaji wa stima, atakuambia. Wakati mwingine kuikausha kwa saa kadhaa kwenye oveni ya joto la chini hutosha. Ikikata baada ya dakika kumi za kazi, tafuta maji kwenye mpira wa koili, upande wa nje.

Wakati wa kuchacha: friji na kipashio vinapigana

Hapa STC-1000 iko nyumbani kwake. Ina upande wa kupasha na upande wa kupoza, na Nairobi inahitaji zote mbili: usiku wa Julai nyumba inaweza kuwa 15, alasiri ya Februari 26, na hamira nyingi za bia ya kawaida hutaka 18 hadi 20 bila kuyumba.

Kama friji inawaka, inazima, kipashio kinawaka, kinazima, na zote zinapokezana mchana kutwa, sensa inaning'inia hewani. Hewa ya friji hubadilika haraka, bia ya lita 20 hubadilika polepole. Bandika sensa ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, uifunike kwa sponji au kitambaa kilichokunjwa ili isihisi hewa. Usisahau kwamba bia inayochacha kwa nguvu hujipasha yenyewe, inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi tatu hadi tano. Ukipima hewa hutaiona.

Weka F2, tofauti inayoruhusiwa, kuwa 1 badala ya 0.5, na F3, muda wa kusubiri kwa kompresa, usiopungua dakika 3. Friji ya mtumba mimi huipa 7. Kidude cha joto cha friji yenyewe kigeuze hadi mwisho wa baridi, la sivyo kitazima kabla ya STC-1000 na utadhani mpya ndiyo mbovu. Kipashio cha wati 25 hadi 40 kinatosha. Ukitumia balbu, ifunike kabisa: mwanga huharibu hopsi na bia hutoa harufu mbaya.

Kama bado hujanunua

Kwa bajeti ndogo, nunua STC-1000 moja kwa ajili ya kuchacha kwanza, kabla ya PID ya kulowekea. Kimea unaweza kukilowesha kwa kipimajoto cha mkono na blanketi, ukazima koili kabisa. Sufuria ya lita 25 iliyofungwa vizuri hupoteza nyuzi mbili tatu tu kwa saa. Kuchacha kunachukua wiki mbili na huwezi kukesha nako.

Pesa zikipatikana, chukua PID yenye hali ya mkono, inayotoa volti ya SSR, na inayopokea Pt100 ya nyaya tatu. Kabla ya kulipa kule Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, mwambie muuzaji aiwashe na uone hali ya mkono kwa macho yako.

Fikiria pia stima inapopotea. PID nyingi hurudi na lengo lile lile zilipokuwa. Umeshamwaga sufuria, umesahau kuchomoa, stima inarudi saa mbili usiku, na koili inawaka ikiwa kavu. Inaungua haraka. Mwambie fundi aunganishe kontakta na kitufe cha kuanzia kinachojishikilia: stima ikikatika kontakta inaachia, na ikirudi haiwaki hadi mtu abonyeze. Tokeni pia ziangalie kabla. Lita 30 kuanzia baridi hadi mwisho wa saa moja ya kuchemsha hula kama yuniti 5, na zikiisha kimea kikiwa ndani, joto litakuwa linashuka huku ukitafuta simu na namba ya mita.